Kicheko Nilichokubambikia

Jilala, rafiki yangu,

Mwangaluka. Najua huitiki, lakini sisi tumelelewa. Mtu haanzi maneno kabla ya salamu, hata kama mwenzake yuko chini ya udongo nyuma ya zizi. Nimekaa mlangoni kwangu. Daftari ni la mjukuu, la hesabu, kwa hiyo ukiona miraba miraba usishangae. Macho yangu unayajua, nitaandika herufi kubwa.

Leo ni wiki ya sita. Mvua ilishuka siku ya tatu baada ya kukuzika, mvua ya maana, ikadidimiza udongo upande wa miguuni, mkeo Minza akaogopa. Tulikwenda na vijana wako tukajaza. Mahindi yameota. Pamba wengi wameiacha mwaka huu, wanasema dengu inalipa, nami nimewaambia dengu haikumjengea mtu nyumba hapa, wakanitazama kama babu aliyechelewa gari. Maksai wako mweusi amegoma. Mwanao mdogo akishika jembe, anasimama katikati ya shamba, anageuza shingo, anatafuta nani anamwongoza leo. Nilikwenda kumsemesha kwa ile sauti yako. Akanipuuza. Nikaona aibu mbele ya ng'ombe.

Haya, nisizunguke. Nakuandikia kwa sababu ya Jumamosi.

Jumamosi tunamaliza matanga. Mwanao mkubwa, Ngasa, amekuja kutoka Maswa anakofundisha, na karatasi iliyopigwa chapa, kila kitu kimepangwa: wimbo, neno la mchungaji, wasifu wa marehemu, halafu chini yake, "Mzee Masanja: kisa cha malale." Akanieleza kwa upole, mikono yote miwili nyuma kama ulivyomfundisha. Akasema, mzee, kile cha baba kusimama mlangoni na kucheka wakati mwano unapigwa na wenzake wanakimbilia wezi. Watu watacheka, tutamaliza matanga kwa furaha, baba angependa.

Nikasema sawa. Ningesema nini? Nimesimulia kisa kile miaka zaidi ya ishirini. Nimekisimulia harusini, mnadani, hata kwa wale mabwana afya waliokuwa wanapita vijijini. Na sasa sikiliza, Jilala, nilitaka kukuambia ukiwa hai, nikaogopa. Kisa kile kina kipande cha uongo. Kipande kimoja tu, lakini ndicho kipande watu wanachokisubiri. Nilikitunga mimi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko barabara ya Shinyanga.

Ngoja nianzie mbali, maana nataka kwanza nikae nawe kidogo kabla ya kufika huko.

Unakumbuka tulivyokuwa tunachunga upande wa Lingeka, kabla hata hatujaota ndevu? Mimi yatima, nalelewa na mjomba ambaye mkewe alikuwa ananitoa nyumbani asubuhi tumbo tupu. Wewe ulikuwa na kibuyu cha maziwa mgando. Jua likifika utosini unakunywa nusu, unafuta mdomo, unasema, "Nimeshiba mpaka hapa, malizia, yasije yakachacha." Maziwa mgando yanachacha mara ngapi, Jilala? Nilikuwa najua, na ulikuwa unajua kwamba najua. Hatukulisema kamwe neno hilo.

Na kicheko chako! Wajukuu wako hawakukijua, ndilo linaloniuma. Ulikuwa unacheka kwa tumbo zima, unajipiga mapaja, unakaa chini popote ulipo, hata kama ni kwenye matope. Mnadani Mwandoya watu walikuwa wanajua umefika kabla hawajakuona. Siku ile tunashindilia pamba kwenye ghala la chama cha ushirika, nimo ndani ya lile gunia kubwa lililoning'inizwa, narukaruka, kamba ikakatika, nikaenda chini na pamba yote juu yangu, imebaki mikono tu inapunga. Ulicheka mpaka karani akatoka ofisini kuuliza nani amekufa. Hukunivuta mpaka ulipomaliza kucheka. Nilitoka nyusi nyeupe, nakutukana, na wewe ukaanza upya.

Na ulikuwa mkimbiaji. Filimbi ya mwano ikilia, ukiwa unakula unaacha tonge hewani. Sungusungu walikuwa wanasema Jilala anafika kabla ya mwizi. Usingizi wako ulikuwa mwepesi, kuku akikohoa umeamka. Ndiyo maana tulipokukuta unalala, hatukuelewa. Mtu mwingine tungemwelewa.

Halafu likaja soko huria. Wakati huo bado tuko mkoa wa Shinyanga, nani aliota kwamba siku moja tutaitwa Simiyu? Tulizoea chama: unapeleka pamba, unapewa risiti, unasubiri mpaka unasahau unachosubiri. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi, na malori yao na mizani yao. Maduka ya Mwandoya yakajaa redio, mitumba, sabuni za kunukia ambazo Minza alikuwa anazinusa na kuzirudisha mezani huku muuza duka anamkodolea macho. Kila mtu akaanza kutaka bati. Wewe ulizitaka kuliko wote, kwa sababu ya Minza na ile nyasi iliyokuwa inavuja juu ya kitanda chenu. Ukasema pamba peke yake haitoshi, unakwenda porini kwa wanyama kurina asali, wewe na Sayi wa mtaa wa juu. Nilikukataza. Nilisema simba. Hakuna kati yetu aliyesema mbung'o.

Ulirudi na madumu ya asali na jipu begani. Ukatuonyesha, ukasema, "Hawa wadudu wanauma juu ya shati, hawana adabu." Tukacheka. Kilikuwa kicheko chako cha mwisho kile chenyewe, ila hatukujua. Homa ikaja, ukameza dawa za malaria za dukani, ikapoa, ikarudi. Kisha ukaanza kubadilika.

Mchana unalala, popote, hata umeegemea jembe. Ukiamka unafoka. Ulimrushia Minza sahani, wewe ambaye ulikuwa unamchotea maji akiwa mjamzito na wanaume wenzako wanakuzomea. Ulilia siku moja shambani, ukaulizwa unalia nini, ukasema jua lina kelele. Na lile la mama mkwe, lo! Kwetu hapa mtu na mama mkwe wake hawapishani njiani, unaingia majanini apite. Wewe ulikwenda ukaingia nyumbani kwake bila hodi, ukakaa kwenye kigoda chake, ukamwomba ugoro! Yule mama alitoka kichwa wazi, akakimbilia kwa jirani, akalala huko siku mbili.

Kila mtu alikuwa na jibu. Wengine walisema pombe, na hukuwa unakunywa. Wengine walisema umerogwa kwa wivu wa asali. Lakini jibu lililopata watu wengi lilikuwa la mtemi wetu wa sungusungu: soko huria limemwingia kichwani. Siku hizi kila mtu na lake, akasema, ameonja fedha za asali, anatuona sisi takataka, hata mkwe wake hamheshimu. Tulikubali. Ilikuwa rahisi kukubali, maana tuliona kweli watu wanabadilika mwaka ule. Majirani waliokuwa wanalimiana walikuwa wameanza kulipana. Tukasema na Jilala naye ndivyo hivyo.

Sasa siku yenyewe.

Mchana kweupe. Filimbi zikalia mashariki, yowe likafuata: ng'ombe wa mama Ngolo wameswagwa, wote, kabaki ndama. Mjane, na huo ndio uzazi wake wote, maana watoto hakujaliwa. Nikachukua upinde nikatoka mbio. Njia yangu inapita kwako. Nikakuona.

Nakuambia nilichokiona kama Mungu anavyokijua. Ulikuwa umelala ubavu chini ya kihenge, nusu kivulini nusu juani. Nzi wanatembea mdomoni mwako. Nikakuita mara mbili. Nikakusukuma mguu kwa fimbo. Ukafungua macho, si yote, ukajaribu kuinua kichwa, kikarudi chini. Na kwa sauti ndogo, lakini kila neno limetoka safi, ukasema: "Masanja, sijawahi kuwa rafiki yako. Nilikuwa nakuonea huruma tu." Ukafumba macho. Basi. Hukusimama. Hukucheka. Hata uso wako haukuwa na kitu.

Nikakimbia, rafiki yangu. Njia nzima sikusikia filimbi, nilisikia huruma, huruma, huruma. Miaka yote ile, yale maziwa, ile jozi ya ng'ombe uliyoniazima nilime shamba langu la kwanza, kumbe. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, nikajiona tena nimesimama na tumbo tupu mbele ya kibuyu cha mtu. Ng'ombe wa mama Ngolo hatukuwapata. Tulirudi jioni na vumbi tu.

Kesho yake ikaitishwa dagashida, kijiji kizima, wanaume wamekaa chini kwa safu. Nawe uliletwa. Ukakaa, kidevu kifuani, ukasinzia. Unasinzia mbele ya mkutano wa kukuhukumu! Watu walinung'unika, wakaona hiyo sasa ni dharau ya mwisho. Mtemi akauliza nani alimwona Jilala wakati wa mwano. Wote wakanigeukia, maana wanajua njia yangu.

Ningesema amelala, ungetozwa mbuzi, yakaisha. Kulala ni kosa la kawaida, hata mtemi mwenyewe alishawahi kulala. Nilisimama nikiwa nataka kusema hivyo, naapa. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama. Akacheka. Akarudi kukaa."

Ulimi hauna mfupa. Neno lile "akacheka" lilipita katika ile safu ya watu, nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja. Mama Ngolo akaanza kulia kwa sauti. Mtemi hakuuliza tena kitu. Ukatengwa.

Wewe hukuiona ile miezi kwa akili timamu, kwa hiyo nikuambie Minza alipitia nini. Hakuna kumpa moto. Hakuna kumwazima chumvi. Kisimani akifika wenzake wanaondoka na ndoo tupu. Mashine ya kusaga ikazimwa akitokea, akarudi na mahindi yake kichwani, akayatwanga. Ngasa alikuwa mdogo, alikuja kwangu kucheza na wanangu, na mimi mwenyewe, Jilala, kwa mkono wangu huu ninaoandikia, nilimgeuza mabega nikamwelekeza kwao. Hakulia. Alikwenda anatazama nyuma. Sasa yeye ndiye ananiomba nisimulie.

Ulipokuwa huwezi hata kumeza, Minza alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni mwenyewe, akakulaza juu ya majani. Alipita hapa mlangoni kwangu asubuhi. Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Hakunisalimu, kwa sababu ningesalimiwa ningekuwa na kosa la kuitika. Alininusuru, unaona? Alipofika Mwandoya alikuta lori la mnunuzi binafsi linapakia pamba kwenda Bariadi. Dereva mgeni, hajui dagashida, hajui kutengwa, akasema mpandishe juu ya pamba, mama, huko ni laini. Lile soko huria tulilolilaani ndilo lililokubeba. Sisi wa mwano tulikuwa tumekaa nyumbani.

Baada ya wiki chache gari la afya likaja kijijini. Wakasema Jilala ana malale, ugonjwa wa mbung'o, yupo hospitali anachomwa sindano kali, na wote waliokwenda porini wapimwe, na wengine wote pia. Wakapanga meza penye mnada. Kidole kinachomwa, damu inapakwa kwenye kioo. Sayi akakutwa na vijidudu, bado havijapanda kichwani. Mtu wa maabara, kijana mpole mwenye miwani, akaniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Nikafumba jicho moja. Niliona chembe za damu za Sayi zimelala, na katikati yake vitu vyembamba vinajipinda, vinazisukuma chembe huku na huku, vinahangaika. Vidogo hivyo! Nikamuuliza, hivi ndivyo vilivyomgeuza Jilala? Akasema ndiyo, mzee. Vikikaa damuni ni homa. Vikiingia kwenye ubongo, mtu anakuwa si yeye. Mchana na usiku kwake vinabadilishana nafasi. Mpole anakuwa mkali, mwenye adabu anavua adabu, anaropoka asiyoyajua.

Mtemi alikuwa nyuma yangu. Akauliza, "Na kucheka? Mtu anaweza kuona wenzake wanaibiwa, akacheka?"

Yule kijana akafikiri kidogo, akasema, "Hata kucheka, inawezekana."

Basi, ikawa imegongwa muhuri. Uongo wangu ukapata daktari. Watu wakashika vichwa, wakasema kumbe, masikini, hakuwa yeye, ni wadudu waliokuwa wanacheka! Mzee mmoja akauliza kama tunaweza kuwatoza faini mbung'o, na kijiji kizima kikacheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Hapo ndipo ningesimama. Nilikuwa nimesimama tayari, nilichohitaji ni kufungua mdomo. Wakati huo huo yule kijana ananiita nitoe kidole changu. Akapaka damu yangu kwenye kioo, akachungulia muda mrefu. Akaniambia nimshukuru Mungu, damu yangu safi, haina kitu.

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko maneno ya mchungaji yeyote. Haina kitu. Wewe ulisema neno baya na kichwa chako kimejaa wageni. Mimi nililosema dagashida nililisema peke yangu.

Ukarudi. Umekonda, suruali imefungwa kwa kamba, lakini macho ni yako. Kutengwa kukafutwa siku hiyo hiyo, na mara hii kijiji kilichinja dume kukuomba radhi wewe, jambo ambalo hakuna mzee aliyewahi kuliona. Hukukumbuka kitu. Ulisema ni kama mtu aliyeazimisha nyumba yake akarudi akakuta vyombo vimevunjwa. Ukazunguka kwa watu unauliza ulifanya nini, unaomba msamaha mlango kwa mlango. Mama mkwe ulimpelekea kitenge kupitia kwa shemeji. Kwa mama Ngolo ulipeleka mtamba, yule mweupe mwenye mabaka, uliyekuwa unamtegemea. Watu walikukataza, walisema hukuwa wewe. Ukasema, "Mdomo uliocheka ni huu." Mtamba, Jilala! Kwa kicheko nilichokitunga mimi. Nilisaidia kumswaga mpaka kwake.

Halafu ukaja kwangu. Ukakaa hapa kwenye gogo. Ukaniuliza, "Masanja, wewe ndiye uliyeniona. Nilicheka vipi?"

Nilikuwa na nafasi. Ulikuwa wewe na mimi na kuku. Nikakuigizia. Nilikuigizia kicheko, chembamba, cha puani, sijui nilikitoa wapi. Ukasikiliza umeinamisha kichwa. Ukaniomba nirudie. Nikarudia. Ukasema, "Hicho si changu," ukaongeza, "Lakini kilikuwa ndani yangu."

Tangu siku hiyo ulianza kuziba mdomo. Wengine walidhani ni jino. Tukikuchekesha, mkono unapanda kwanza, unacheka ndani ya kiganja kidogo, unatazama pembeni kama mtu anayesikiliza kama kuna mwingine amecheka naye. Mara moja tu, mwanao mdogo alipoangukia kwenye beseni la uji, kilianza kutoka kile cha zamani. Ukakikata katikati. Nilikuwepo. Niliondoka nikasema naenda kutazama mbuzi, na sikuwa na mbuzi.

Na yale maneno yako ya huruma sikukuambia kamwe. Hilo nililifanya kwa wema, au niliogopa ungesema ni kweli. Wanasema mlevi huropoka yaliyo moyoni, na mimi niliwaza sana, labda mdudu naye hivyo hivyo, haleti neno jipya, anafungua tu mlango. Nilikuwa nakutazama tukiwa tunacheza bao, najiuliza. Wewe ulidhani napanga kete. Ila siku hizi, tangu umeondoka, nawaza hivi: tuseme ni kweli ilikuwa huruma. Ilianza na kibuyu cha maziwa, ikapita kwenye ng'ombe wa kulimia, ikakaa nami matanga ya mke wangu siku tisa bila kurudi kwako kuoga, ikafika uzeeni. Huruma ya muda huo wote sijui watu wengine wanaiitaje. Mimi imenitosha, wabeja, asante, sina tena swali nawe hapo.

Jana nilikwenda kwa Minza. Nilitaka aanze yeye kusikia kabla ya Jumamosi. Alikuwa anapepeta dengu. Nikamwambia yote, kutoka kihenge mpaka dagashida, sikujitetea, nilitazama miguu yangu. Nilitegemea anipige na ungo. Mkeo akaendelea kupepeta kidogo, kisha mikono ikasimama. Akasema, "Kwa hiyo hakucheka."

Nikasema hakucheka.

Akaniambia hata juzi juzi, hospitali, ukiwa umewekewa hewa, ulimwita karibu. Akainama akidhani unataka maji. Ukamuuliza, "Minza, hivi kweli mimi nilimcheka yule mama?" Na yeye akakujibu, "Masanja alikuona, baba Ngasa. Lakini Mungu anajua ni ugonjwa."

Alinieleza hayo bila kupandisha sauti. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na mimi nikabaki uani na dengu zake, nikilia kama mtoto, hakuna aliyenitazama.

Laiti ningekuwa nimekuambia, Jilala. Hata hospitali nilikuja, nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki, nilikukata kucha. Ulikuwa na masikio yako yote mawili.

Jumamosi nitasimama pale Ngasa alipoliandika jina langu. Watasubiri niigize kile kicheko, watoto wameshaanza kukiigiza wenyewe huko nje. Sitakiigiza. Nitawaambia ulikuwa umelala chini, nzi mdomoni, hukuweza kuinua kichwa, na kwamba siku ile kijiji kizima kilisikia uongo kutoka kwa mtu mzima wa damu safi. Mama Ngolo bado yuko hai, amewekewa kiti cha mbele; nitamwambia yeye kwanza, nikiwa nimepiga magoti. Yule mtamba nilipaswa kumtoa mimi. Wakinitenga, wanitenge, nina kuni za kutosha. Ngasa akinigeuza mabega anielekeze nyumbani, nitakwenda, na sitamwambia mtu kwamba amekosea.

Nimekuahidi, na mara hii siahidi mbele ya dagashida, nakuahidi wewe.

Nenda salama, mwenzangu wa machungani. Huko uliko toa mkono mdomoni. Cheka, Jilala. Ni chako peke yako, kilikuwa chako muda wote.

Mimi,
Masanja